Ukungu wa Miwani Unaanzia Puani

Msimu wa mavuno, mashine za kukoboa mpunga hapa Chekereni, Moshi, hazinyamazi. Tangu alfajiri magunia yanashushwa kutoka kwenye guta na pikipiki, na ndani ya banda vumbi la maganda linaelea kama moshi wa kuni mbichi. Kwa miaka kadhaa nimeshika daftari kwenye banda moja la namna hiyo. Kazi yangu ni kusoma mizani, kuandika kilo na jina la mwenye mzigo, kisha kumsomea kwa sauti ili asikie na aridhike. Nilipovuka miaka 40 tarakimu zilianza kunikimbia, nikanunua miwani ya kusomea. Vumbi liliponitia kikohozi kisichokwisha, nikaanza kuvaa barakoa. Vyote viwili ni vitu vyema, na kila kimoja kina kazi yake. Lakini siku nilipovivaa pamoja, kimoja kilianza kumharibia mwenzake.

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mawingu yamefunika mlima na ubaridi wake umeteremka mpaka huku bondeni. Mzee mmoja alileta gunia lake. Nikainama kusoma mizani, nikapumua, vioo vyote viwili vikawa vyeupe. Nikasoma nilichodhani nimekiona: kilo 66. Mzee hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwanangu, hilo gunia nimelijaza kwa mikono yangu. Angalia tena." Nikavua miwani, nikaifuta kwa pindo la khanga, nikaangalia tena. Zilikuwa kilo 86. Nilimwomba radhi mbele ya watu, nikarekebisha daftari. Kilo 20 za jasho la mtu zilikuwa karibu kupotea kwa pumzi zangu mwenyewe.

Siku ile niliongeza makosa mengine mawili. Ili nione vizuri, nilishusha barakoa chini ya pua, na usiku nikakohoa mpaka mbavu zikauma. Na lile pindo la khanga, lililokuwa limejaa vumbi la banda, liliacha mikwaruzo kwenye vioo ambayo haijatoka hadi leo.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa takriban watu 6 katika kila 10 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea hawaoni vizuri vitu vya karibu bila miwani. Hao ndio mafundi cherehani wetu, wauguzi wetu, walimu wetu, akina mama wanaochambua mchele. Wengi wao kazi zao zina vumbi, au zinawakutanisha na wagonjwa. Kila siku mtu wa namna hiyo anajikuta anachagua: avue miwani alinde kifua, au ashushe barakoa alinde macho. Hakuna haja ya kuchagua. Nililojifunza kwa kujaribu na kukosea ni hili: ukungu wa miwani unaanzia puani. Ziba kwanza hewa inayovuja juu ya barakoa, ndipo uoshe miwani. Anayeanza na miwani atafuta kutwa nzima.

Kwa nini vioo vinakuwa vyeupe

Funua sufuria ya wali unaochemka na utazame upande wa ndani wa mfuniko. Mvuke umepanda, umekutana na bati lenye joto pungufu, ukageuka matone. Miwani yako ni mfuniko mdogo juu ya pumzi zako. Hewa unayoitoa mapafuni ina joto linalokaribia lile la mwili na imejaa unyevu. Ukiwa huna barakoa, inatoka mbele na kutawanyika. Ukivaa barakoa, hewa hutafuta njia rahisi, na njia rahisi kuliko zote ni ule uwazi ulio kando ya pua, pale uso unapobonyea kati ya pua na shavu. Kutoka hapo inapanda moja kwa moja hadi kwenye kioo.

Ili ukungu utokee, basi, mambo matatu lazima yakutane: hewa yenye unyevu ifike kwenye kioo, kioo kiwe na ubaridi kuliko hewa hiyo, na maji yakishatua yasimame kama vitone vidogo vidogo badala ya kutandaa. Vitone hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga na kufanya kioo kionekane cheupe.

Jambo la pili, ubaridi, hatuna uwezo nalo sana, lakini linaeleza mengi. Chekereni tuko tambarare, kama mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari, na mchana wa Februari mtu anaweza kuvaa barakoa mbovu kutwa nzima asione ukungu, kwa kuwa kioo chenyewe kina joto. Mtu huyo huyo akipanda kwenda msibani Marangu au Kibosho, huko juu mlimani, miwani inakuwa nyeupe kabla hajampa pole mfiwa. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Barakoa ni ile ile, uvujaji ni ule ule, ila kule kioo ni cha baridi. Hivyo usikubali miwani safi ikudanganye mchana wa jua: kutokuwepo kwa ukungu hakuthibitishi kwamba barakoa imekaa sawa. Lakini kuwepo kwake, hasa ukungu unaoanzia chini ya kioo karibu na pua na kupanda kwa kila pumzi, ni dalili karibu ya uhakika kwamba hewa inavuja pale juu.

Na hewa inayovuja ikitoka, ndiyo hiyo hiyo inayovuja ikiingia. Vumbi la maganda, au vijidudu vya mtu anayekohoa karibu yako, vinapita kwenye uwazi ule ule bila kugusa kitambaa. Ndiyo maana siuchukulii ukungu kama kero tu. Unanionyesha tundu lilipo.

Sisi wa mpunga jambo hili tunalielewa. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa miaka ya 1980 kwa mkopo wa Japani, ndio ulioleta mifereji na majaruba yanayotulisha. Ukikuta jaruba limekauka ilhali mfereji umejaa, hukimbilii kuchota maji kwa ndoo. Unazunguka tuta kutafuta tundu la panya, unalishindilia udongo, maji yanatulia. Kufuta miwani kila dakika ni kuchota kwa ndoo.

Ziba juu kwanza

Anza kwa kuiangalia barakoa yenyewe. Zile za buluu za hospitalini zina waya mwembamba upande mmoja. Upande huo ndio wa juu, na rangi inatazama nje. Wengi wanaivaa kichwa chini miguu juu, waya ukiwa kidevuni, halafu wanalalamika kuhusu miwani.

Ukishaivaa, ivute chini ifunike kidevu, na juu ifike karibu na macho, mradi isikuchome. Kisha kuna jambo dogo ambalo wengi tunalikosea. Tunaubana waya katikati kwa vidole viwili vya mkono mmoja, kama mtu anayeziba pua apite jalalani. Ukifanya hivyo, waya unakuwa na ncha kama paa la nyumba, na kila upande wa ncha hiyo unabaki uwazi. Fanya hivi: weka kidole cha shahada cha kila mkono katikati ya waya, juu kabisa ya pua, kisha bonyeza ukishuka taratibu, kidole kimoja kulia na kingine kushoto, hadi mashavuni. Rudia mara mbili. Waya ufuate mwili: upande juu ya pua, uteremke kwenye bonde la pembeni, ulale juu ya shavu.

Barakoa za kitambaa nyingi hazina waya. Zilienea kwetu baada ya tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeshukia hapa kwetu uwanja wa ndege wa KIA. Mafundi cherehani walishona za vitenge kwa haraka, na haraka ile haikuwa na nafasi ya waya. Kama bado unayo nzuri, usiitupe. Mpelekee fundi akunjie ukingo wa juu, aache mfereji mwembamba wa ushonaji wenye upana wa nusu kidole, upande mmoja uwe wazi. Humo unapitisha waya laini wenye urefu wa kidole chako kirefu au zaidi kidogo. Waya wa shaba uliobaki fundi umeme anapomaliza kazi unafaa sana, kwa kuwa unapinda kwa vidole na unabaki ulivyopindwa. Kunja ncha zake mbili zirudi ndani zisikuchome. Siku ya kufua unauchomoa, unafua, unaurudisha.

Baada ya juu, angalia pembeni. Barakoa ikiwa kubwa kuliko uso, hutuna mashavuni na kukaa vibaya hata puani. Piga fundo dogo kwenye kila mpira wa sikioni, karibu kabisa na barakoa yenyewe, kisha ingiza ndani ule mkunjo uliobaki pembeni. Inakuwa ndogo na inakumbatia uso. Usiizungushe mipira ikawa kama namba 8 kabla ya kuvaa. Inakaza kweli, lakini inafungua pembe mbili mashavuni, na umehamisha tundu tu.

Akina mama na akina dada tunaovaa kilemba au ushungi tuna njia nyingine. Shona vifungo viwili kwenye kilemba, kimoja nyuma ya kila sikio, uvishe mipira kwenye vifungo. Barakoa inavutwa nyuma zaidi, inakaza juu ya pua, na masikio yanapumzika. Anayetumia kifaa cha kusikia anafaidika zaidi, maana kila anapovua barakoa hakivuti kifaa chake.

Kama bado hewa inapanda, kunja tishu mara tatu au nne iwe kama utepe, uiweke upande wa ndani wa ukingo wa juu, juu ya mgongo wa pua. Inaziba uwazi na kunyonya unyevu. Ikilowa, ibadilishe, kwa sababu tishu iliyolowa haisaidii kitu.

Kwa anayekaa na barakoa saa nyingi na hawezi kuigusagusa, mfano muuguzi au fundi wa meno, ipo njia ya plasta. Tumia plasta ya hospitalini, ile laini inayobanduka bila kuchubua ngozi, na uibandike kwenye ukingo wa juu kutoka shavu hadi shavu. Uso uwe mkavu. Ukiwa umejipaka mafuta ya mgando asubuhi haitashika hata kidogo, kwa hiyo futa mafuta kwenye mashavu na pua kabla ya kubandika. Selotepu ya ofisini na utepe mweusi wa fundi umeme havifai ngozi ya mtu.

Mwisho kabisa, miwani. Barakoa ikiwa imepanda vya kutosha, fremu ikalie juu ya kitambaa badala ya kukalia ngozi. Uzito wake unakandamiza ukingo na kuziba. Njia hii inafaa miwani yenye fremu nzito na pana. Zile nyepesi za kusomea haziwezi kukandamiza chochote, lakini zina faida yake: unaweza kuzisogeza mbele kidogo kwenye pua, hewa ikapata nafasi ya kupita kati ya kioo na uso bila kutulia.

Sasa jipime. Weka viganja mbele ya macho, chini kidogo ya miwani, upumue kwa nguvu. Ukisikia joto likigonga viganja, bado kuna tundu, na viganja vyako vitakuambia ni upande upi.

Kisha osha, na uoshe vizuri

Hata barakoa iliyokaa vizuri itapitisha unyevu kidogo, na siku ya baridi huo kidogo unatosha. Hapa ndipo sabuni inapoingia. Mwaka 2011 madaktari wawili wa Uingereza, Sheraz Malik na Shahbaz Malik, walieleza njia hii katika jarida la madaktari wa upasuaji: osha miwani kwa maji ya sabuni, kung'uta maji, iache ikauke yenyewe kabla ya kuvaa. Sababu ni nyepesi. Sabuni inaacha utando mwembamba usioonekana, na maji yakitua juu yake hayasimami kama vitone. Yanatandaa yakawa kama kioo kingine, na macho yanapenya.

Mimi nafanya hivi. Kwanza nasuuza miwani kwa maji safi yanayotiririka bila kuigusa, ili vumbi liondoke. Hatua hii usiiruke, hasa sisi wa mpunga. Maganda ya mpunga yana silika nyingi, madini yale yale yanayofanya mchanga ukwaruze. Kufuta kioo kikavu chenye vumbi la maganda ni sawa na kukipiga msasa, na vioo vingi vya siku hizi ni vya plastiki, havivumilii. Laiti ningelijua hilo kabla ya kutumia pindo langu la khanga!

Pili, naweka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kati ya kidole gumba na cha shahada, nasugua taratibu pande zote mbili za kila kioo, na zaidi ule wa ndani unaotazama uso, kwa kuwa ndio unaopigwa na pumzi na kupata mafuta ya kope. Fremu nayo, pale inapokalia pua. Tatu, nasuuza. Nne, narudisha utando: nachovya miwani kwenye bakuli la maji yenye povu dogo, naikung'uta, naiweka kwenye kitambaa safi vioo vikitazama juu, na naiacha ikauke wakati nakunywa chai. Ikibaki na michirizi, napitisha kipande cha pamba laini kilichofuliwa mara nyingi, kama kile cha khanga kuukuu, kikiwa kikavu na safi. Utando huo unadumu kwa saa kadhaa. Ukungu ukianza kurudi, narudia.

Chagua sabuni isiyo na losheni ya kulainisha mikono, maana losheni inaacha mafuta yanayofifisha kioo. Maji yawe ya kawaida, ya moto yanaharibu rangi na dawa iliyopakwa juu ya kioo. Na yasiwe ya mfereji wa shamba. Yale yana tope, na tope nalo lina chembe zinazokwaruza.

Ambayo heri uyaache

Kuna mengi yanasemwa mitaani, na baadhi yanakula miwani ya watu. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, zinachubua kioo. Majivu na sabuni ya unga ni hivyo hivyo. Vitakasa mikono vyenye spiriti, siki na dawa za kufanya nguo ziwe nyeupe vinaweza kubandua dawa ya kuzuia mng'ao iliyopakwa kwenye kioo, na ikishabanduka hairudi. Mate, ambayo wazamiaji baharini huyapaka kwenye miwani yao ya kuzamia, kweli yanapunguza ukungu, ila kupaka mate kwenye kitu unachokishika kutwa na kukiweka mezani pa watu, wakati umevaa barakoa ili usiambukize wala kuambukizwa, ni kubomoa kwa mkono wa kushoto ulichojenga kwa mkono wa kulia.

Dawa za kupuliza na vitambaa maalumu vya kuzuia ukungu vinauzwa, na vinafanya kazi. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walipima bidhaa 9 za namna hiyo, dawa 4 na vitambaa 5, na matokeo waliyochapisha mwaka 2022 yalionyesha kuwa zote zilikuwa na kemikali za jamii ya PFAS, zile ambazo haziozi kwa urahisi katika mazingira wala mwilini. Mimi nikiwa na sabuni ya vyombo jikoni, sioni sababu ya kununua hizo.

Kila kazi na barakoa yake

Kwenye mashine ya kukoboa, barakoa ya buluu inapunguza vumbi kubwa tu. Inayofaa ni ya N95 au inayolingana nayo, ambayo huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana. Ila inafanya hivyo kwa sharti moja, kwamba imeshika uso pande zote. Ukiivaa hiyo na miwani bado inaingia ukungu, ujue umelipia kichujio ambacho hewa inakizunguka. Ndevu nazo zinainyanyua. Anayefanya kazi hii heri anyoe pale inapokalia. Zipo barakoa zenye kidude cha plastiki mbele kinachotoa pumzi, na ukungu wake ni kidogo sana. Kwa vumbi hazina tatizo. Kwa kumlinda mgonjwa hazifai, kwa sababu pumzi yako inatoka bila kuchujwa.

Kunyunyizia dawa shambani ni jambo jingine kabisa. Barakoa ya kitambaa au ya buluu haizuii mvuke wa dawa, na miwani ya kusomea haikingi jicho. Hapo panahitajika kinyago chenye vichujio vya kemikali na miwani ya kinga inayofunika pembeni. Soma kibandiko na upime kipimo kabla hujajifunga vyote hivyo, ukiwa unaona vizuri na umevaa glovu. Miwani ya kinga ikiingia ukungu katikati ya kazi, usiifute kwa glovu yenye dawa. Funga pampu, toka nje ya shamba upande upepo unakotokea, nawa, ndipo uishughulikie.

Ukienda kumwona mgonjwa wa kifua kikuu, hapa mkoani kwetu mara nyingi ni Kibong'oto, hospitali iliyobobea katika ugonjwa huo tangu zama za ukoloni, vaa barakoa utakayoelekezwa na muuguzi, na urekebishe kila kitu ukiwa nje ya wodi. Ukishaingia usiingize kidole chini ya barakoa kwa sababu ya miwani. Vumilia, au toka kwanza.

Na vijana wetu wagumu wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, wao ukungu wao unaganda. Safari ya kileleni kutoka kambi ya Kibo huanza karibu na saa sita usiku, kwenye mita zaidi ya 4,700, na pumzi iliyopandishwa na shali hadi kwenye kioo inageuka barafu. Shusha shali chini ya pua unapopanda, ifunike mdomo na shingo, pumzi iteremke. Miwani usiiegeshe kwenye kofia, hapo inapata jasho la kichwa. Iweke ndani ya koti iendelee na joto, na uivae jua linapochomoza, kwani mng'ao wa barafu unaunguza macho.

Kwa yeyote anayeendesha, awe na gari, bodaboda au baiskeli ya kwenda shamba: vioo vikifunga, simama pembeni. Usiendeshe kwa kukisia hata hatua kumi.

Ukungu usiofutika

Lipo neno moja la mwisho, na naomba ulichukue kwa uzito. Ukivua barakoa, ukaosha miwani, ikakauka, ukaivaa na bado dunia ina ukungu, inyanyue kwenye mwanga uitazame. Ikiwa na mikwaruzo au madoa kama magamba, imechoka, badilisha vioo. Ikiwa ni safi na ukungu bado upo, tatizo huenda liko kwenye jicho lenyewe. Mtoto wa jicho huanza hivyo hivyo, taratibu, mtu akiamini ni miwani chafu. Anafuta, anafuta, mwaka unapita. Nenda ukapimwe. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina idara ya macho, na mtoto wa jicho anatolewa kwa upasuaji mtu akaona tena.

Msimu uliofuata, yule mzee alirudi bandani. Asubuhi ilikuwa ya baridi kama ile ya kwanza. Nilikuwa nimeosha miwani kabla ya chai, waya nimeubonyeza kwa vidole viwili hadi mashavuni, na tishu iko mahali pake. Akaweka gunia juu ya mizani, akasimama kando akinitazama bila kusema neno. Niliinama, nikapumua, vioo vikaingia weupe kidogo tu pembeni, kisha vikawa wazi. Nikasoma kilo zake mara moja, kwa sauti, nikaandika. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kumwita kijana wa kumbebea.